Usiku wa Kihindi Huko Diff: Tuvae Nini?

Siku hizi kualikwa harusini hakutoshi. Shurti uambiwe na vazi la kuvaa. Zamani sare yetu ilikuwa leso. Mama wa bibi harusi huchagua doti moja, jamaa wakanunua, mambo yakaisha, na leso yenyewe ikaendelea kuvaliwa jikoni hata ikachakaa. Sasa kumezuka usiku wa Kiarabu, usiku wa Kimorokko na usiku wa Kihindi, na kila usiku una nguo zake. Wanawake wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaijua habari hii vizuri, na waume zao wanaijua zaidi, kwa kuwa mifuko ni yao.

Mwaka 2024 jambo hili lilinifuata mpaka Diff. Mwana wa mamangu mdogo alikuwa ameposa huko, nami nikachaguliwa kuwa miongoni mwa wanawake wa upande wa bwana harusi. Diff, kwa msomaji asiyeijua, ni mji mdogo wa Wajir Kusini, ulioko mpakani kabisa na Somalia. Ukitoka Garissa unapita Modogashe hadi Habaswein, kisha unaiacha njia ya Wajir na kuelekea mashariki, mchanga na miiba kila upande. Wenyeji ni Wasomali, Waislamu kama sisi, na harusi yao ina siku nyingi kama yetu. Basi marafiki wa bibi harusi, wasichana waliosoma Garissa na Nairobi, waliamua kwamba usiku mmoja wa wanawake peke yao uwe wa Kihindi. Nikapigiwa simu: "Abaayo, njoo na sari."

Mama yangu, ambaye hakosi darsa, ndiye aliyeanza kuuliza. "Mwanangu, hayo si kujifananisha na Mabaniani?" Swali hili si la kudharauliwa, na wengi hulipita haraka kwa sababu wameshanunua nguo. Lakini India, Pakistan na Bangladesh zina Waislamu mamia ya mamilioni, na wanawake wao huvaa sari, shalwari na kamisi bila ya kutoka katika dini yao. Kitambaa hakina dini. Yenye dini ni yale yanayoambatana nacho: unga mwekundu unaotiwa katika njia ya nywele, na mkufu wa shanga nyeusi ambao mume wa Kihindu humvisha mkewe siku ya ndoa. Hata lile doa la kipaji cha uso, ingawa vijana hulichukulia kuwa pambo tu, asili yake ni huko huko. Hayo tukakubaliana kuwa hayamo. Mama akaridhika, ila akasisitiza kuwa tumbo lisionekane hata mbele ya wanawake.

Tumbo ndilo lililoiondoa sari. Na hata kama si tumbo, sari ni kitambaa cha yadi sita hivi, kinachozungushwa na kukunjwa na kuchomekwa kiunoni, na mwenye kukivaa bila ya kuzoea hutembea kama aliyebeba mtungi wa maji kichwani. Sasa fikiri kuhusu buraanbur. Hii ni ngoma na mashairi ya wanawake wa Kisomali: mmoja hutunga na kughani, wengine hupiga ngoma na makofi, na wachezaji huingia katikati na kurukaruka kwa nguvu, miguu ikikanyaga chini kwa kishindo. Ukiingia uwanjani na sari iliyochomekwa na mtu asiye fundi, utatoka umeishika mkononi.

Lehenga nayo, ile sketi pana ya maharusi wa sinema za Kihindi, niliitazama katika duka moja. Ilikuwa nzuri, sikatai. Ilikuwa na vioo na shanga hata ikawa nzito kama gunia, na bei yake ingenunua mbuzi wawili. Kwa nguo ya usiku mmoja!

Fundi wetu wa cherehani, mzee wa Mji wa Kale aliyewashonea mama zetu nguo za kuigiza sinema, ndiye aliyenitajia gharara. Vazi hili ni la mabibi wa Kiislamu wa Lucknow na nchi ya Awadh, kaskazini mwa India, tangu zama za manawabu. Ni suruali ambayo hushuka kawaida mpaka gotini, na hapo gotini hushonewa kitambaa kingine chenye marinda mengi sana, hata mwenye kuivaa akisimama huonekana kama amevaa sketi. Kwenye mshono wa goti hutiwa utepe wa zari. Juu huvaliwa kanzu fupi, na kichwani mtandio mrefu. Isichanganywe na sharara, ambayo hupanuka tangu kiunoni bila ya mshono wa goti. Gharara inasitiri, inaruhusu kuruka, na ni ya Kihindi bila ya shaka yoyote.

Nilipoiona picha yake sikuiona kuwa ngeni. Atazamaye picha za kale za mabibi wa Unguja, zilizopigwa mwisho wa karne ya 19, atawaona wamevaa suruali za marinda chini ya kanzu zao. Wala si ajabu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498 alikuta merikebu za Wahindi zimetia nanga. Pamba ya Gujarati ilivaliwa pwani hii kabla ya Mreno kuijua. Kaniki za bibi zetu zilitoka huko, na hata leo leso nyingi zinazouzwa Biashara Street huchapwa India. Tunapoita usiku mmoja kuwa wa Kihindi, tunasahau kuwa asubuhi yake pia tulivaa cha Kihindi.

Lakini jambo lililonishughulisha zaidi si nguo yangu. Wiki tatu kabla ya safari nilizungumza na mama wa bibi harusi kwa simu. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo iliyofeli, ulikuwa umewaangamizia ng'ombe wao, na mifugo iliyobaki ilikuwa haijaongezeka sana. Alisema kwa upole, "Jirani zangu kila mmoja ana diraa moja ya sikukuu. Nikiwaambia wavae Kihindi, watanipa udhuru na hawatakuja." Harusi ambayo majirani wameikimbia kwa aibu ya nguo ni harusi gani?

Niliwapigia wale wasichana. Niliwaambia waitazame diraa yenyewe: kitambaa chepesi kinachoonyesha, juu ya gogorad, na garbasaar begani. Diraa nyingi zinazouzwa Garissa na Eastleigh ni vitambaa vilivyofumwa India na kupitia Dubai. Garbasaar ikipandishwa kichwani, ina tofauti gani na mtandio wa Lucknow? Na wazee wanaovaa guntiino, kitambaa kimoja kirefu kinachofungwa begani na kuzungushwa kiunoni, wao wako karibu na sari kuliko sisi wote. Wasichana walibishana kwanza, maana walikwisha kuahidiana kupiga picha za rangi moja. Mwishoni walikubali: mwenye diraa aje na diraa yake, atiwe hina na avae bangili za kioo, basi huyo ni Mhindi.

Mimi gharara yangu niliishonesha kwa atlasi ya kijani ya mama, iliyolala sandukuni tangu harusi yake. Nilichonunua ni utepe wa zari tu, na niliununua njiani, Garissa, katika soko la Suuq Mugdi, ambalo jina lake maana yake ni soko la giza. Muuzaji alinipunguzia aliposikia ninakokwenda.

Usiku ule walikuja wote. Kulikuwa na bibi mmoja wa guntiino ambaye alighani beti za kumsifu bibi harusi kwa muda mrefu, na alipoingia uwanjani wasichana wa lehenga (walikuwako watatu) walilazimika kukaa pembeni, kwa vile sketi zao zilikuwa zikizoa mchanga. Uunsi ulifukizwa kama udi wa kwetu. Diraa za rangi ya chungwa, samawati na waridi zilipopigwa na taa, hakuna aliyeuliza ipi ya Kihindi na ipi ya Kisomali.

Kesho yake binamu wa bibi harusi aliniomba gharara aishike kidogo, kisha akaomba kuijaribu, kisha akasema yeye pia ameposwa. Hadi naandika haya bado haijarudi Mombasa, na mama ameshaniuliza mara mbili habari za atlasi yake.