Kudishi Kisiwani: Rada ya Misosi ya Mtaa, Mombasa 001

Wasee wa Kanairo wakishuka Mombasa, wengi hawafikangi Mombasa. SGR inawaacha Miritini, teksi inawabeba hadi Nyali ama Bamburi. Wa Diani nao siku hizi wanapitia baipasi ya Dongo Kundu, hata feri ya Likoni hawaioni. Hizo base zote ziko bara. Kisiwa chenyewe, kile kimekaa katikati ya mkondo wa Tudor na wa Kilindini, wanakiacha hivyo. Wanamanga chipo kuku ya hoteli, bili inasoma thao na kitu kwa kila kichwa, kisha wanarudi Nai wakipiga stori za misosi ya Pwani. Maze, hiyo si sawa. Hawa watu wa kisiwani wanajua kulisha, na wanakulishia barabarani, kwa bei ya kila mtu.

Kitu ya kwanza ushike: kisiwa kinakula kwa saa. Kila msosi iko na wakati wake na kona yake. Ukichelewa utapata sufuria ishaoshwa na mathee ashaingia ndani. So hii rada nimeipanga vile siku inaenda.

Mangware: mbaazi na mahamri

Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, form ni moja tu. Zunguka Majengo, Bondeni, Kibokoni ama Mwembe Tayari, utapata meza ndogo nje ya mlango, sufuria kubwa imefunikwa, na ndoo ya mahamri imetandikwa karatasi. Mathee akifunua, mbaazi iko pale, nzito, tui limekaa juu. Anachota upawa mmoja kwa sahani, anakuuliza mahamri mangapi. Sema manne kama ubao inauma.

Hamri fiti unalijua ukilivunja. Ndani liko wazi, harufu ya iliki inakupiga, na hiyo nafasi ndio unajazia mbaazi kwa kidole. Chai ya rangi ya tangawizi kando, umemaliza.

Na usione ni msosi rahisi. Mbaazi zimelowekwa usiku, zikachemshwa mos mos hadi zikalainika, zikatiwa tui jepesi kwanza. Tui zito linaingia mwisho kabisa na moto mdogo, juu likichemka sana linakatika na kuacha mafuta yakielea. Huyo mathee ameamka kabla ya adhana ya alfajiri ndio wewe uzime ubao saa moja. Hiyo ni kazi ya fundi.

Mchana: Ijumaa ni biriani

Siku zingine mchana unaezachapa wali wa nazi na samaki wa kupaka, ama maharagwe ya nazi na chapo, na uko poa. Lakini Ijumaa usichanganyikiwe. Swala ya Ijumaa ikiisha, Mji wa Kale wote unanukia biriani, na vihoteli vidogo vinajaa wasee wa kanzu, madere wa tuktuk, mabeste wa ofisi, kila mtu meza moja.

Kama hujui tofauti, sikia. Pilau, mchele na nyama vinaiva chungu kimoja na bizari. Biriani, wali unapikwa kando na sosi kando: nyama, vitunguu vya kukaangwa hadi vikauke, nyanya, maziwa lala, viungo. Vinakutana kwa sahani. Ndio maana biriani mbaya haiwezi jificha, juu sosi iko peke yake na utaionja tu. Kula na mkono, wa kulia, baada ya kunawa. Kijiko kinapunguza utamu.

Viungo vya hiyo sosi vinatoka Marikiti, ile soko ya zamani wakoloni waliita Mackinnon. Pita hapo hata kama hununui kitu: mdalasini, karafuu, iliki, pilipili manga, zote zimemwagwa kwa magunia. Toka na glasi ya juisi ya ukwaju ama ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi. Jua la saa nane la kisiwani linataka hiyo.

Na kama unadai kukaa chini kwa feni, Blue Room iko Haile Selassie tangu 1952. Sambusa zake na aiskrimu zimelea vizazi: fathe alipelekwa na fathe yake, sai yeye ndio anapeleka watoi. Hiyo ni sifa haununui na matangazo.

Jioni: viazi karai na mihogo

Saa kumi jua likianza kushuka, karai zinatoka nje mtaa mzima. Viazi karai ni hivi: viazi vinachemshwa, vinavikwa uji wa unga wa manjano, vinazamishwa kwa mafuta moto hadi ganda likaze. Siri haiko kwa kiazi, iko kwa chatne ya ukwaju. Inafaa iwe chachu kidogo, tamu kidogo, na pilipili ikufanye uvute mafua. Msee anavipasua katikati, anamwaga chatne juu, anakupatia na kijiti. Kando kuna bajia, katlesi, na kachri za kumalizia njiani.

Ukishabeba hizo, slaidi hadi Mama Ngina, wenyewe wanapaita Lighthouse. Ilitengenezwa upya 2019, na mwaka huo huo sherehe ya Mashujaa ya nchi nzima ikafanyiwa hapo. Mibuyu mikubwa bado imesimama, upepo wa bahari unagonga, na meli za kuingia Kilindini zinapita karibu hadi unaona wasee wako juu. Hapo msosi ni mihogo: ya kuchoma kwa makaa, inapasuliwa, inapakwa ndimu, chumvi na pilipili ya unga. Ama krispi za muhogo zikitoka kwa mafuta mbele yako. Shukisha na dafu. Ukimaliza maji, mwambie jamaa akupasulie, akukatie kijiko cha ganda, ule ile nyama laini. Hiyo haina malipo ya ziada, usiiache.

Jumapili jioni mbogi zote za kisiwa ziko hapo. Familia nzima imekaa ukutani, mayut wanapiga picha, wazee wamenyamaza wanacheki maji. Hakuna kiingilio cha kukaa na watu.

Usiku: mishkaki, kisha kahawa

Giza likiingia, fuata moshi. Mishkaki ya ukweli inalazwa na papai bichi, tangawizi na thomu ndio nyama ilainike, kisha inachomwa kwa makaa ikipepewa. Kama uko na mbogi kubwa, Tarboush pale Makadara Road ni ya kila mtu: nyama ya moto, mkate wa moto, meza hadi nje.

Usiende kudoz kabla ya kahawa. Mji wa Kale, jamaa amekaa na dele ya shaba, makaa chini yake, vikombe vidogo vya kauri vikigonganishwa. Kahawa ni nyeusi, tungu, haina sukari. Utamu unatoka kwa kashata ama kipande cha halua. Vuta kiti, salimia, sikiza wazee wakibonga siasa na mpira.

Mwezi wa Ramadhani

Mchana vibanda vingi vimefungwa na haifai utembee ukitafuna mbele ya watu wamefunga. Subiri Magharibi. Hapo barabara za Majengo na Mji wa Kale zinajaa meza: kaimati, vibibi, vitumbua, sambusa, tambi, mkate wa sinia. Kama unaezachagua mwezi mmoja wa kuja kudishi, chagua huo.

Sheria za kisiwa

Salamu kwanza, oda baadaye. Mwanamke mkubwa ni Mama ama Bi, mzee ni Ami, na ukianza na shikamoo utahudumiwa kama mtoto wa nyumbani. Ukiingia Mji wa Kale funika mabega na magoti, hapo ni kwa watu. Omba ruhusa kabla ya kupiga mtu picha. Beba pesa ndogo ndogo, mambao na machwani, juu saa moja asubuhi hakuna mtu ana chenji ya thao.

Na ya mwisho, hii ndio naishika sana: usibishanie bei na mathee wa mbaazi. Bei ya nazi ikipanda, yeye ndio anaumia kwanza, na bado kesho ataamka kabla ya adhana. Lipa vile amesema, na kama sahani ilikuwa fiti, mwambie. Safari ijayo ukishuka Miritini, kabla ya kwenda bichi, mwambie dere wa teksi akupitishe kisiwani saa ya msosi. Kuja na njaa.