Maji Yakigeuka Mapema

Septemba 2025 UNICEF ilitangaza kwamba, kwa mara ya kwanza duniani, watoto wa shule na vijana wenye unene wa kupindukia (asilimia 9.4) wamewapita wenye uzito mdogo (asilimia 9.2). Afrika kusini mwa Sahara haijafika huko. Kaunti ya Kilifi ndiyo kabisa: utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 uliikuta ikiongoza Kenya kwa udumavu, asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka 5. Lakini mtoto aweza kudumaa na kunenepa pia.

Kwamba soda ina sukari na viazi karai vina mafuta, mnajua. Linalonivutia ni hili: gawanya kilo za mtoto kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu hupanda hadi karibu mwaka wa kwanza, hushuka mpaka miaka 5 hadi 7, kisha hupanda tena. Mwaka 1984 Rolland-Cachera na wenzake, Ufaransa, walionyesha kuwa wanaoanza mpando wa pili mapema huishia kuwa wanene zaidi. Tuuite mrejeo wa unene. "Mfumuko" ungetukumbusha bei ya unga.

Ni kama bahari ya Mayungu, huku Kilifi: maji hujaa, hupwa, hujaa tena. Mchokoa pweza hajali sana kina cha sasa hivi. Anachunga yanageuka saa ngapi. Yakigeuka mapema yana muda mrefu wa kupanda kabla hajaondoka, na mwamba aliousimamia utazama angali na kijiti tunduni. Anayempima mtoto mara moja ameona kina tu. Anayempima kila baada ya miezi kadhaa ndiye anayeona mgeuko. Kama mrejeo wa mapema ni chanzo au dalili, wataalamu wabishane.

Kwa hiyo namtegemea mhamasishaji wa afya ya jamii. Serikali ilizindua kikosi cha takriban laki moja Septemba 2023, kila mmoja na nyumba zake kama mia. Mwaka 2017 jopo la wataalamu Marekani lilipendekeza kwa watoto wanene ushauri wa angalau saa 26 ndani ya miezi 2 hadi 12. Foleni ya zahanati haina saa hizo; mkeka wa nyumbani unazo.

Wala ushauri si kumnyima mtoto chakula. Kwa hesabu ileile, mwenye miaka 8, kilo 36 na mita 1.25 anapata 23. Mwakani, kwa kilo zilezile na mita 1.31, anapata 21. Hakupungua hata gramu, alirefuka tu. Urefu nao wataka samaki, mbaazi, mayai, maziwa. Kumpunguzia sahani aliyedumaa ni kumnyima dawa yenyewe.

Mhamasishaji mwerevu hamwiti mtoto bonge. Mama atajibu kuwa mwanawe amenawiri, na mazungumzo yataishia hapo. Huuliza: soda yake hununuliwa na nani? Akitajwa mjomba wa bodaboda, basi wiki ijayo aketi na mjomba.