Kabla ya kupuliza dawa, tazama udongo wa tungule zako

Mkulima wetu wa Pwani akiona tungule zake zina kasoro, jambo la kwanza ni kukimbilia duka la dawa. Hupuliza leo, akapuliza kesho, pesa zikaisha na ugonjwa ukabaki. Mara nyingi tatizo haliko kwenye majani. Liko chini, kwenye udongo.

Tungule hupenda udongo unaoshika unyevu bila kutuamisha maji, wenye pH kati ya 6.0 na 6.8. Bara, ambako udongo wa sehemu nyingi una asidi, wakulima hushauriwa kutia chokaa. Tusiuige ushauri huo kikasuku. Sehemu kubwa ya ukanda wetu wa ufuoni imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na udongo wake tayari una chokaa. Ukiongeza chokaa au majivu, mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma. Majani machanga huwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Jaribu hivi: dondoshea siki kwenye udongo mkavu. Ukitoa povu, chokaa imo.

Kwenye mchanga mtupu shida ni nyengine: maji na mbolea hupita kama kwenye chujio. Hapo changanya samadi iliyooza vizuri kabla ya kupandikiza miche, kwani samadi mbichi huunguza mizizi. Kisha tandaza nyasi kavu juu, unyevu usipotee. Tungule ikioza kitako na kuwa nyeusi, huo si ugonjwa wa kuambukiza. Imekosa kalsiamu, na sababu kubwa huwa ni kumwagilia kwa wingi leo kisha kuacha siku kadhaa.

Wa kuogopwa ni mnyauko wa bakteria. Mche hunyauka ghafla ukiwa bado kijani. Kata kipande cha shina, kining'inize ndani ya gilasi ya maji safi; ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ndio wenyewe. Hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya. Ng'oa, choma, na kwa misimu kadhaa usipande hapo tungule, biringani, pilipili wala mbatata. Panda mahindi. Mnavu nao ung'oe, kwani huhifadhi maradhi hayo.

Msimu ujao, kabla ya kununua mbegu, muulize afisa wa kilimo wa wadi yako namna ya kupimiwa udongo. Beba udongo wa sehemu mbalimbali za shamba, si wa shimo moja.