Njia ya Ujiji na Miji Yake

Wanachama wengi wamelisikia jina la Ujiji kwa wazee, lakini wachache wanaijua njia ya kwendea huko. Tumeona tuieleze, maana inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Ilianza Bagamoyo, ng'ambo ya Unguja, ikapanda hadi Mpwapwa, ikapita Ugogo ambako watemi walitoza hongo, ikafika Tabora. Hapo iligawanyika: moja ilikwenda Karagwe na Uganda, nyingine ilipita Uvinza penye chumvi, ikavuka Mto Malagarasi kwa mitumbwi, ikaishia Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaliona ziwa Februari 1858. Pagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua kiasi cha frasila mbili kila mmoja. Mwenye kuchukua gunia la karafuu kutoka shamba mpaka barabarani ataelewa.

Mizigo ilikuwa pembe za ndovu, lakini si pembe tu. Watumwa wengi wa mashamba yetu walitoka upande wa Nyasa kwa njia ya Kilwa. Hata hivyo wako waliokamatwa Manyema, wakavushwa ziwa, wakapitishwa Ujiji hadi pwani. Jambo hili halifichiki. Mkataba wa 1873 ulikataza kuwasafirisha kwa bahari, na amri ya 1897 ikaondoa utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba.

Kilichoiondolea Ujiji neema yake ni reli. Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na ziwani 1914. Lakini hawakuishusha Ujiji. Maji ya pale ni mafupi na pwani yake i wazi kwa upepo, ilhali Kigoma, kiasi cha kilomita 8 tu kutoka hapo, ina ghuba yenye kina na vilima vya kuikinga. Meli iitwayo sasa Liemba, iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, iliungwa Kigoma. Bandari na biashara kubwa vikahamia huko. Na huku pwani Bagamoyo nayo ikapitwa na Dar es Salaam. Yaani reli iliiacha Tabora ya katikati, ikaikata njia ya zamani ncha zote mbili!

Siku hizi Kigoma na Ujiji ni manispaa moja. Barabara hutoka mjini hadi Kidahwe, ikagawanyika: moja kwenda Uvinza na Daraja la Kikwete juu ya Malagarasi, nyingine Kasulu, Kibondo na Nyakanazi. Ujiji bado ina miembe yake na misikiti yake, na wavuvi wake huanika dagaa mchangani.