Beni, Lubero, Irumu: raia wanauawa kanisani na kwenye matanga, nani atajibu?

Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 27 mwezi wa saba 2025, waamini Wakatoliki wa Komanda, wilayani Irumu, walikuwa kanisani kwa mkesha wa sala. Karibu saa saba za usiku, wapiganaji wa ADF waliwaingilia. MONUSCO ilihesabu watu 43 waliouawa: wanawake 19, wanaume 15 na watoto 9. Nyumba na maduka vilichomwa moto, na watu wengine, wakiwemo watoto, walipelekwa porini.

Siku nane tu mbele ya hapo, huko Doha, serikali ya Kinshasa na AFC/M23 walikuwa wametia sahihi tangazo la kanuni za amani. Wapatanishi walipongezana. Lakini ADF haimo katika mazungumzo ya Doha, na raia wa Komanda hawakuwa na mtu wa kuwasemea pale.

Tarehe 8 mwezi wa tisa ilikuwa zamu ya Ntoyo, karibu na Manguredjipa, wilayani Lubero. Watu walikuwa kwenye matanga, wanamlilia marehemu wao, wauaji walipofika. Zaidi ya watu 60 walipoteza maisha. Katikati ya mwezi wa kumi na moja, huko Byambwe, pia Lubero, kituo cha afya kilishambuliwa. Watu wasiopungua 17 waliuawa, wakiwemo akina mama waliokuwa katika chumba cha wazazi.

Kanisa, matanga, chumba cha wazazi. Katika sheria ya kimataifa raia wanalindwa popote walipo, na vituo vya afya vina ulinzi wake wa pekee. Mashariki mwa Kongo ulinzi huo unabaki kwenye karatasi.

Kundi lililotoka ng'ambo ya Rwenzori

ADF ilizaliwa Uganda katika miaka ya 1990, chini ya Jamil Mukulu, kisha ikajipenyeza upande wa Kongo, kwenye misitu ya Beni. Kwa miaka mingi wenyeji waliijua kama kundi linalofanya biashara, linalolima na hata kuoa mle mle. Mambo yalibadilika mwezi wa kumi 2014. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mwaka huo, wachunguzi wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walihesabu raia wasiopungua 237 waliouawa, wakiwemo wanawake 65 na watoto 35.

Mukulu alikamatwa Tanzania mwaka 2015 na kurudishwa Uganda. Musa Baluku alichukua nafasi yake na kulisogeza kundi karibu na Dola ya Kiislamu, ambayo mwezi wa nne 2019 ilidai kwa mara ya kwanza shambulio katika Kongo. Mwezi wa tatu 2021 Marekani iliiweka ADF kwenye orodha yake ya makundi ya kigaidi.

Jina la ugaidi lilileta vikwazo. Usalama mashambani halikuleta. Tena lilileta hatari nyingine, ile ya kumtazama kila Mwislamu kama mshukiwa. Hapo ukweli lazima usemwe: Waislamu wa Beni nao wamelipa kwa damu. Mwezi wa tano 2021, imamu mashuhuri aliyekuwa akihubiri dhidi ya wenye siasa kali alipigwa risasi ndani ya msikiti mkuu wa mji.

Kofia za buluu: miaka mingi, majibu machache

Umoja wa Mataifa ulileta MONUC mwaka 1999. Mwaka 2010 jina likageuka kuwa MONUSCO. Mwezi wa tatu 2013, kwa azimio 2098, Baraza la Usalama liliunda brigedi ya kuingilia kati na kuipa ruhusa ya kushambulia makundi yenye silaha. Hilo lilikuwa jambo jipya, na wengi huku walitumaini. Mauaji ya Beni yalianza mwaka mmoja na nusu baadaye, brigedi hiyo ikiwa tayari hapa.

Haitakuwa haki kusema kwamba kofia za buluu hawakufanya kitu. Tarehe 7 mwezi wa kumi na mbili 2017, kwenye kambi ya Semuliki, barabara ya Mbau–Kamango, askari 15 wa Tanzania waliuawa kwa mapigano ya saa nyingi. Wale vijana walikufa mbali na kwao kwa ajili ya Beni. Lakini uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wenyewe ulionyesha kwamba misioni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea msaada wala wa kuwatoa, na kwamba ilikosa ndege, wahandisi na habari za kijasusi. Ikiwa misioni iliyotumia zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka ilishindwa kuwaokoa askari wake, mlimaji wa kakao wa Oicha au Eringeti alitazamia nini?

Hasira ilijaa pole pole. Mwezi wa kumi na moja 2019, waandamanaji wa Beni walichoma ofisi ya meya na kuvamia kambi ya MONUSCO ya Boikene. Mwezi wa saba 2022 moto uliwaka Goma, Butembo hadi Uvira. Tarehe 31 ya mwezi huo, Kasindi, askari wa MONUSCO waliokuwa wakirudi kutoka likizo walifyatua risasi kwenye kizuizi cha mpaka na kuua raia. Serikali ilihesabu wafu 36 katika maandamano hayo yote, wakiwemo wanne wa MONUSCO. Miezi michache baadaye, Katibu Mkuu António Guterres alikiri hadharani kwamba M23 ina silaha za kisasa kuliko zile za MONUSCO.

Mwisho wa 2023, kwa ombi la Kinshasa, Baraza la Usalama lilikubali misioni ianze kuondoka. Kivu ya Kusini iliachwa kati ya mwaka 2024. Kisha Goma ikaanguka mwezi wa kwanza 2025, na azimio 2773 lililopitishwa na wanachama wote wa Baraza, likiitaka M23 itoke na Rwanda iondoe majeshi yake, halikuitoa M23 Goma.

CPI: mlango uliofunguka nusu

Kongo ilipeleka kesi yake kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, CPI, mwaka 2004. Uchunguzi huo ulikuwa wa kwanza kabisa wa mahakama hiyo. Zaidi ya miaka 20 baadaye, waliohukumiwa kwa uhalifu wa vita Kongo ni watatu: Thomas Lubanga, Germain Katanga na Bosco Ntaganda. Wote watatu walihukumiwa kwa yaliyotokea Ituri mwaka 2002 na 2003. Kwa mauaji ya Beni, hakuna hata kiongozi mmoja wa ADF aliyesimama mbele ya majaji wa The Hague.

Mwezi wa kumi 2024, ofisi ya mwendesha mashtaka ilitangaza kuamsha tena uchunguzi, ikiweka mbele uhalifu wa Kivu ya Kaskazini tangu mwezi wa kwanza 2022. Ni habari njema. Lakini jamaa waliozika watu wao Beni mwaka 2014, 2016 au 2019 wana haki ya kuuliza: na sisi je? Na watu wa Komanda, ambao wako Ituri, wahesabiwe wapi?

Kuhusu fidia, kesi ya Katanga inafundisha. Kwa shambulio la Bogoro la 2003, ambapo watu zaidi ya 200 waliuawa, majaji waliwatambua wahanga 297 na kumpa kila mmoja dola 250, kama ishara, pamoja na misaada ya pamoja. Uamuzi ulitoka 2017, miaka 14 baada ya mauaji. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyoorodhesha matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003, imekaa tangu 2010 bila mahakama maalum kuundwa.

Jukumu la kwanza ni la serikali

Kuilaumu ONU peke yake ni rahisi mno. Mwenye wajibu wa kwanza wa kumlinda raia ni serikali yake. Toka tarehe 6 mwezi wa tano 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziko chini ya utawala wa kijeshi, na toka mwisho wa mwaka huo jeshi la Uganda linapigana bega kwa bega na FARDC katika operesheni Shujaa. Kambi kadhaa za ADF zilivunjwa. Lakini wapiganaji walitawanyika kuelekea Mambasa na magharibi ya Lubero, na mauaji yaliwafuata raia huko.

Wakati huo huo, walioinua sauti waliadhibiwa. Mwezi wa nne 2022, mahakama ya kijeshi ya Beni iliwafunga mwaka mmoja wanaharakati 12 wa LUCHA kwa kuandamana dhidi ya utawala huo wa kijeshi. Utawala ulioletwa ili kumlinda raia ulimfunga aliyeuliza kwa nini halindwi.

Yanayowezekana sasa

Wahanga hawaombi miujiza. La kwanza, ujumbe wa tahadhari unaotoka kijijini ujibiwe usiku ule ule, si baada ya mazishi. La pili, MONUSCO isifunge kambi mahali ambapo hakuna askari wa serikali aliye tayari kuchukua nafasi. La tatu, CPI iseme wazi kama mauaji ya ADF, Kivu ya Kaskazini na Ituri, yamo katika uchunguzi wake. La nne, mfuko wa taifa wa fidia, FONAREV, uliotokana na sheria ya 2022, uwafikie wajane na yatima wa vijijini. La tano, ADF isisahauliwe kila mara wakubwa wanapokutana Doha, Washington au New York.

Kwa sasa, msimu wa kakao ukifika, mlimaji wa Beni anapiga hesabu mbili: akienda shambani anaweza kuuawa, akibaki mjini watoto hawatalipiwa masomo. Wengi wanaenda. Asubuhi wanaagana na jamaa zao, na jioni watu wa nyumbani wanasimama kando ya barabara kuhesabu wanaorudi.