Je, Wajua? Kompyuta Hufundishwa Kuitambua Sumu ya Chembe Nano

Je, wajua kwamba anayepikia kuni au mkaa pale Nguvumali, jijini Tanga, huvuta chembe nano kila siku? Masizi ya moshi yana chembe za kaboni ambazo, kabla hazijashikana, nyingi huwa na upana wa nanomita 10 hadi 50. Unywele wa binadamu hufika nanomita 80,000. Kwa hiyo chembe hizi si ngeni kwetu. Kilicho kipya ni kwamba sasa viwanda huzitengeneza kwa makusudi: oksidi ya zinki na ya titani kwenye mafuta ya kukinga jua, na fedha kwenye bandeji za vidonda.

Je, wajua udogo wenyewe unaweza kuleta madhara? Chukua kipande cha mchemraba chenye sentimita 1 kila upande. Eneo lake la nje ni sentimita 6 za mraba tu. Kikate chote kuwa vipande vya nanomita 1, na jumla ya eneo la nje itafika mita 6,000 za mraba, karibu sawa na sehemu ya kuchezea mpira pale Uwanja wa Mkwakwani. Kemia hufanyika kwenye eneo hilo la nje, na ndiyo maana kitu kilichokuwa kimetulia kikiwa donge huweza kuisumbua seli kikiwa vumbi.

Umbo nalo lina uzito wake. Mwaka 2008 watafiti wa Edinburgh waliona kwamba nyuzi ndefu za kaboni nano, zikiingizwa ndani ya fumbatio la panya, huleta uvimbe unaofanana na ule wa asbestosi. Nyuzi fupi au zilizojiviringa hazikufanya hivyo. Kaboni ni ileile.

Sasa fikiria kazi iliyopo: ukubwa, umbo, chaji iliyo usoni mwa chembe, kitu kilichopakwa nje. Badilisha kimoja tu, na una chembe nyingine ya kupimwa. Panya hawatoshi, pesa na muda pia havitoshi. Hapo ndipo kompyuta inaitwa. Hupewa jedwali la chembe zilizokwisha kupimwa, sifa za kila moja pamoja na madhara yake, nayo hutafuta uhusiano. Kisha huulizwa kuhusu chembe ambayo haijawahi kuonyeshwa.

Mwaka 2011 kundi lililoongozwa na Tomasz Puzyn wa Chuo Kikuu cha Gdańsk, Poland, lilitumia oksidi 17 za metali na bakteria wa E. coli. Walikuta kwamba nambari moja, ile ya nishati inayohitajika kuunda ioni ya metali katika hali ya gesi, ilitosha kukadiria vizuri ukali wa sumu. Mwaka uliofuata, watafiti wa California walipima oksidi 24 na kuonyesha kwamba nishati za elektroni za chembe zikilingana na zile za seli, madhara hutarajiwa. Oksidi za zinki na shaba zilikuwa na njia yake tofauti: huyeyuka na kumwaga ioni zenye sumu.

Lakini kompyuta haijui ila ilichofundishwa. Maji ya chumvi hufanya chembe nyingi zishikane na kuzama, na fedha ikikutana na kloridi ya bahari hubadilika. Jedwali lililojaa vipimo vya maji baridi haliwezi kuaminiwa moja kwa moja kwa chaza na kamba wa Ghuba ya Tanga. Hili ndilo linalonishughulisha zaidi, maana teknolojia yenyewe imekwisha kufika nchini. Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi kwa chujio lake la maji linalotumia mchanga na vitu nano. Ni kazi ya kujivunia, na inastahili kuambatana na vipimo vya usalama vilivyofanywa kwa maji yetu wenyewe.

Kijana wa Tanga unayesoma kemia na hesabu, soma pia kuandika programu. Vipimo vya mikoko, vya matumbawe na vya maji ya Mto Zigi tunayokunywa vinahitaji kuingia kwenye majedwali hayo, na wa kuviingiza ni wewe.