Udongo Mwekundu Ndani ya Jiwe Jeupe

Mtu apitaye katika maweni ya Unguja, ambako ardhi ni mwamba wa matumbawe uliochongoka hata hukata nyayo, huwaona wakulima wakifukia mbegu zao katika vishimo vya udongo mwekundu vilivyotawanyika baina ya mawe. Naye, akiwa mwenye kutafakari, hana budi kujiuliza udongo ule asili yake ni nini, ilhali jiwe lote lilijengwa na viumbe wadogo wa baharini.

Jawabu limo katika kupwa kwa bahari, kupwa kwa dahari nyingi. Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu ya kimo chake cha leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yakastawi. Kisha barafu ikakusanyika katika nchi za baridi, maji yakashuka, na miaka 20,000 iliyopita yalikuwa chini kwa karibu mita 120. Mwamba ukaachwa mkavu chini ya mvua, na mvua, kwa kuwa huchukua hewa ya ukaa angani na baina ya mizizi, hugeuka tindikali dhaifu iyeyushayo chokaa kidogo kidogo, ikabakiza chembe za mfinyanzi na chuma kilichoshika kutu, ambacho ndicho kiupacho udongo wekundu wake.

Hapa lakini pana mushkeli. Jiwe la matumbawe ni safi mno: tukikadiria kwamba sehemu 1 tu katika 100 haiyeyuki, udongo wa unene wa mita 1 ungedai kuliwa kwa mita 100 za mwamba. Katika kisiwa cha Barbados, wataalamu waliopima madini ya udongo ulio juu ya miamba kama hiyo walipata ithibati kwamba sehemu yake kubwa ililetwa na upepo: vumbi la Sahara lililovuka Atlantiki, na jivu la volkano ya kisiwa jirani cha St. Vincent.

Bahari ijaapo tena, mawimbi huosha udongo mwingi, na husalimika ule uliojificha katika mashimo na nyufa, au ule ulioshikwa na gamba gumu, maana maji yaliyobeba chokaa, yakikauka, huiacha papo hapo ikaganda. Juu ya gamba hilo matumbawe mapya huota, mchanga wao hugandamana kuwa mwamba, na shamba la kale husalia utepe mwekundu kati ya matabaka mawili meupe.

Atakaye kuutambua na atazame kwa hadhari, kwa kuwa udongo wa jana nao huweza kuteremka kwa nyufa ukajifanya wa kale. Ulio wa kale kwa hakika hufunikwa na mwamba mzima usio na ufa, wenye kombe za baharini. Na ndani yake huweza kuonekana alama za mizizi iliyogeuka chokaa, na kombe za konokono wa nchi kavu.

Basi mchimba mawe akutanapo na utepe huo, ujapokuwa mwembamba kama kidole, asiudhanie kuwa uchafu wa jiwe, wala asiupime umri wake kwa unene wake, maana bahari ilikwisha kuchukua fungu lake: ni nchi iliyonyeshewa, ikaota majani, ikatambaliwa na konokono kwa maelfu ya miaka, kisha maji yakarudi.